Kisu Kimoja, Nafasi Moja

Nyundo ilikuwa bado hewani.

Hapo ndipo nilipoiacha wiki jana, na msomaji mmoja wa Matulo akaniandikia kwamba nina roho mbaya. Pole zake. Leo inashuka.

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, ndani ya yadi ya mbao ya Hesbon, nje kidogo ya mji wa Bungoma, barabara ya kwenda Chwele. Wanaume wawili wamemlaza Kizito kifudifudi juu ya meza ya kupigia randa. Mmoja amemkalia mgongoni. Mwenzake ameunyoosha mkono wake wa kushoto na kuubana juu ya ubao. Aliyeshika nyundo ni Walubengo, na saa nane mchana wa siku hiyohiyo Walubengo na Kizito wanatakiwa kupanda ulingoni kupigana ngumi.

Kwa wewe ambaye umelipata gazeti hili leo kwa sababu umefungiwa nyama, nitakueleza upesi.

Kizito ana miaka ishirini na mbili. Alizaliwa Kabuchai, akafiwa na wazazi, akakimbilia Kitale kubeba magunia ya mahindi na kulala nje ya maghala. Huko ndiko Kochi Wakonyo alikomwokota. Mama huyu, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakalima Trans-Nzoia mpaka wakazikwa huko, ana ghala kuukuu karibu na Kipsongo alilolifanya klabu ya ngumi. Mifuko ya kupigia ni magunia yaliyoshindiliwa magunzi. Anayetaka kufundishwa anaiacha chupa yake ya gundi ya kunusa mlangoni, na baada ya mazoezi anapata sahani ya githeri, mahindi na maharagwe.

Usidharau githeri. Vijana wanne waliotoka katika ghala hilo wanapigania timu ya idara moja ya serikali huko Nairobi. Wana sare, wana mshahara, wana kitanda chenye godoro. Nafasi ya tano ilikuwa inatolewa siku hiyo Bungoma, kwa mshindi wa pambano la kilo sitini. Nafasi moja tu, na Kizito alikuwa ameifanyia mazoezi miaka mitatu.

Hesbon naye ana klabu yake ya ngumi. Usicheke. Anawafundisha vijana vizuri kabisa, kisha anawatuma wakavunje mikutano ya watu na meno ya watu. Nafasi hiyo aliitaka kwa sababu malori yake ya sukari ya magendo kutoka Lwakhakha, mpakani na Uganda, yanahitaji rafiki mwenye sare. Rafiki huyo awe Walubengo.

Sasa sikiliza jambo linaloifanya nyundo iwe nzito.

Agosti ya mwaka wa 2016, Kizito na Walubengo walisimama uwanjani wakiwa wamepakwa matope, na kisu cha ngariba mmoja kikawapitia wote wawili asubuhi moja. Walipona kwenye nyumba moja, ya mama yake Walubengo, aitwaye Nakhungu, kwa sababu Kizito hakuwa na mama wa kumuuguza. Wanaume wa namna hiyo Wabukusu huwaita bakoki. Hata watoto wao hawaruhusiwi kuoana. Na kwao Kabuchai, mtu akimwaga damu ya bakoki wake, hata kwa bahati mbaya, haketi kula na watu mpaka wazee wamchinjie kondoo.

"Piga," Hesbon akasema.

"Bosi, huyu ni bakoki wangu."

"Ndiyo maana nimekupatia wewe nyundo. Mtu anaenda kunivalia sare, nataka asikuwe na mwingine isipokuwa mimi. Hiyo mila ni ya watu wenye wako na wakati wa kupoteza."

Kizito hakuomba. Alikuwa na shavu kwenye vumbi la mbao na macho yake yalikuwa kwa Walubengo. Hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya maumivu. Aliuona mkono wake, mkono uliokuwa umtoe kwenye magunia, na akahesabu kwamba baada ya dakika moja atakuwa mtu wa mkono mmoja tena asiye na kazi.

Walubengo aliishusha nyundo polepole akaomba gunia. Hesbon akauliza la nini. Walubengo akajibu kwamba yeye yuko tayari kuvunja, lakini damu isionekane. Hesbon alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia afunge hata na blanketi kama anataka, mfupa hauna habari na gunia.

Basi Walubengo akaliokota gunia lililokuwa chini kando ya vipande vya mbao, akauzungushia mkono wa Kizito mara tatu, akakaza. Akainua nyundo na kupiga kwa nguvu zake zote.

Kitu kilivunjika. Mlio wake ulisikika mpaka kwa fundi aliyekuwa akiendesha msumeno upande wa pili wa yadi, naye akauzima msumeno akasikiliza. Kizito alipiga ukelele mmoja, kisha akazirai.

Walimtupa karibu na njia panda ya Kanduyi, gunia likiwa bado mkononi. Alipopata fahamu aliinuka akatembea. Watu walimpisha njia wakidhani ni mlevi. Mpaka anaufikia ukumbi wa pambano ilikuwa saa sita na nusu, na Kochi Wakonyo alikuwa amesimama nje akiwa amewapigia simu watu wote wa Kitale anaowajua.

Hakumwuliza kitu. Alimkalisha kwenye benchi ya chumba cha kubadilishia nguo, akalifungua gunia kidogokidogo. Alipofika mkunjo wa mwisho, kitu kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kipande cha ubao mwembamba, kimevunjika katikati.

Mkono ulikuwa umevimba, umekuwa wa zambarau kuanzia kwenye kidole gumba mpaka kwenye kiwiko cha mkono. Wakonyo akamwambia achezeshe vidole. Kikacheza cha kwanza. Cha pili. Vikacheza vyote vitano.

Walubengo aliutelezesha ule ubao ndani ya gunia mbele ya macho ya watu watatu. Kilicholia ni ubao.

Hapo ndipo Kizito alipolia. Pigo la nyundo halikumtoa chozi, lakini kile kipande cha mbao kilimliza mpaka akakosa pumzi.

Kochi alimfunga bandeji huku akimkumbusha kwamba vipimo vya daktari na mizani vilikwisha asubuhi saa moja, kwa hiyo hakuna atakayeutazama mkono huo tena. Kizito akamwambia kwamba yuko tayari kupigana, ila uso wa Walubengo hawezi kuugusa. Pua hutoa damu. Midomo hutoa damu. Atapiga mwili tu.

Walikuwa wameligombania jambo hilo tangu Jumatano, na Wakonyo alikuwa amechoka nalo. Alimwambia kwamba ulingoni hakuna bakoki, kuna kona nyekundu na kona ya bluu. Alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekula makonde miaka kumi na miwili ya ujana wake, hakupewa nafasi hata moja, ndiyo maana anazitafuta kwa ajili ya wengine. Akamwambia pia kwamba nyuma yake kuna vijana thelathini ghalani wanaomwangalia, na akirudi mikono mitupu nusu yao watarudi kwa gundi.

"Kochi, hata unifukuze," Kizito akasema. "Uso siwezi."

Mlango ulikuwa wazi. Wakati huohuo Hesbon alikuwa akiingia ukumbini na suti yake ya kijivu, akapita mbele ya mlango huo akageuza shingo. Alimwona Kizito amekaa, anafungwa bandeji, anafumba na kufumbua vidole vitano vizima. Tabasamu lake likakauka. Akawaita wale wanaume wake wawili, akawanong'oneza, nao wakaelekea upande wa chumba cha Walubengo. Mmoja alikuwa amevaa gambuti, zile buti za mpira.

Kizito hakumwona. Alikuwa ameinama.

Robo saa baadaye Kochi Wakonyo alitoka kwenda kuzikagua bandeji za mpinzani, kama makochi wanavyofanya kabla ya pambano. Hakukawia. Alirudi akasimama kando ya ukuta akiwa ameshika taulo, akilikunja na kulikunjua. Kizito alidhani bado ana hasira.

"Sawa," mwishowe akasema. "Uso uwache. Piga mbavu. Ya kulia. Usiwache kuipiga."

Kizito alimkumbatia. Alifikiri mama huyu wa watu, baada ya miaka mitatu, ameiheshimu mila yake.

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Kitale walikuja na lori moja na vuvuzela. Bungoma walikuwa nyumbani, kwa hiyo hawakuhitaji vuvuzela. Safu ya mbele alikaa Afande Kipchirchir wa ile timu ya Nairobi, fomu ya kazi ikiwa ndani ya bahasha juu ya magoti yake. Safu ya tatu alikaa Mama Nakhungu na leso yake ya kanisani, na kando yake yule mwanaume wa gambuti, mkono juu ya mgongo wa kiti cha mama. Ungedhani ni mtoto wake.

Walubengo alipanda ulingoni polepole mno. Fulana yake nyekundu ilikuwa imechomekwa vizuri. Kizito alitafuta macho yake ili amshukuru, lakini Walubengo alikuwa akitazama safu ya tatu.

Kengele ikalia.

Raundi ya kwanza watu hawakuelewa wanachokiona. Vijana wawili hodari wanapigana na hakuna anayepiga juu ya mabega. Konde la tumbo, konde la mbavu, tumbo, mbavu. Kitale wakaanza kuzomea. Refa akawasimamisha, akauliza kama wamekuja kucheza. Kisha mzee mmoja wa Kabuchai aliyewajua wote wawili akamwambia jirani yake, jirani akamwambia mwingine, na habari ikazunguka ukumbi mzima kwamba hawa ni bakoki, wanalindana damu. Bungoma wote wakasimama wakapiga makofi. Wazee wakavua kofia. Palikuwa na mama aliyejifuta machozi, na nakwambia ukweli, hata mimi niliposimuliwa sehemu hii nilimeza mate.

Kila Kizito alipotupa mkono wa kushoto, maumivu yalimpanda mpaka kwenye jino. Alitupa hata hivyo. Mara tatu alipata mbavu ya kulia ya Walubengo, na mara zote tatu Walubengo alifungua mdomo bila kutoa sauti.

Kwenye kona Wakonyo alimmwagia maji kichwani. Akamwambia ameona vile jamaa anakishusha kiwiko kuilinda ile mbavu. Amwondoe hicho kiwiko kwa mkono wa kulia, halafu aingize wa kushoto palepale. Sauti yake ilikuwa kavu, na hakumtazama usoni.

Raundi ya pili ilikuwa ya kuchinja. Kizito aliondoa kiwiko, akaingiza. Aliondoa tena, akaingiza tena. Walubengo alipiga goti moja, refa akahesabu mpaka nane, akainuka. Rangi ya uso wake ilikuwa imekwenda. Hesbon alikuwa amesimama akimfokea arudishe, arudishe. Walubengo akarudisha konde moja la tumbo ambalo lisingemwangusha hata kifaranga, kisha akamkumbatia Kizito ili asianguke.

Walipokuwa wameshikamana hivyo, vipaji vya nyuso vikigusana, Walubengo alimsemesha.

"Maliza, bana. Maliza haraka."

"Uko na nini?"

"Wacha maswali. Mama yangu amekalishwa na watu. Siwezi kushuka, siwezi kukataa. Wewe nipige nianguke, nitoke hapa."

Refa akawatenganisha.

Kizito alipata sekunde moja ya kufikiri, na alifikiri vibaya. Aliona kwamba Walubengo anampa ile nafasi. Kwamba ndugu yake anatishwa na Hesbon, na njia pekee ya kumtoa hapo bila aibu ni kumwangusha kiume, mbele ya watu, bila tone la damu. Aliona kwamba kadiri anavyopiga haraka ndivyo anavyomwokoa haraka. Ni kosa ambalo Mkikuyu asingelifanya, wala Mkalenjin. Angepiga kidevu mara moja, pambano likaisha kwa mdomo uliopasuka na usingizi wa dakika mbili. Lakini huyu alikuwa mtu wa Kabuchai, na kidevu kilikuwa mwiko.

Kwa hiyo raundi ya tatu alipiga mbavu. Alipiga kwa upendo, na alipiga kwa nguvu zote alizopewa na githeri ya miaka mitatu. Moja. Mbili. Ya tatu ilimwinua Walubengo vidole vya miguu vikaiacha sakafu.

Walubengo hakupepesuka. Alishuka wima, magoti, kisha ubavu, kisha uso.

Kitale walilipuka kwa shangwe. Vuvuzela zikalia. Refa akaanza kuhesabu, akafika nne, akaacha. Kinga ya meno ilikuwa imeanguka kutoka mdomoni mwa Walubengo, na nyuma yake ikafuata damu. Haikuwa ya mdomo uliopasuka. Ilikuwa nyekundu sana, yenye povu, na ilikuwa ikitoka kila alipojaribu kupumua.

Vuvuzela zikanyamaza moja moja.

Hakuna konde lililogusa uso wa kijana huyo siku nzima, na damu ilikuwa imetapakaa ulingoni. Kizito aliitazama. Ilikifikia kiatu chake cha kulia ikakizunguka, naye hakuweza kuusogeza mguu.

Daktari aliruka kamba, akaikata fulana nyekundu kwa mkasi. Chini yake, upande wa kulia, palikuwa na alama ya soli ya gambuti. Si moja. Daktari alizipapasa zile mbavu, kisha akamwambia refa, kwa sauti ambayo watu wa safu za mbele waliisikia, kwamba tatu zimevunjika na moja imeingia kwenye pafu, na kwamba alama hizi hazikutokana na glavu. Kijana huyu alikanyagwa leo, akavalishwa fulana juu yake, akaletwa kupigana. Akaagiza ambulensi na kusema asisogezwe mpaka ifike.

Kizito alitaka kwenda kwake. Refa akamrudisha kwenye kona, akamkalisha, na kwa sababu sheria ni sheria, akatangaza kwamba mshindi ni kona ya bluu. Hakuna aliyepiga makofi.

Afande Kipchirchir akaja na bahasha. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa ratiba. Alieleza kwamba gari linarudi Nairobi saa kumi, kwamba amekuja kutafuta mabondia na si kesi, na kwamba ajali za ulingoni zinajulikana na hazimzuii mtu kuajiriwa. Kinachozuia ni kuwa na jina kwenye faili la polisi. Kwa hiyo kijana atie sahihi sasa hivi, apande gari. Kama ana jambo la kuandikisha kituoni hapa Bungoma, basi aandikishe, na nafasi itakwenda kwa mwingine. Akaweka fomu juu ya kiti cha kona na kalamu juu ya fomu, akarudi nyuma hatua mbili.

Kizito aliisoma mistari ya kwanza. Jina. Namba ya kitambulisho. Cheo cha kuanzia. Mambo yote aliyoyaota akiwa amelala juu ya magunia matupu yalikuwa kwenye karatasi hiyo moja.

Hesbon akaja kwenye kamba kutoka upande wa pili. Aliegemea akasema polepole, kama mtu anayempa pole mwenzake.

"Tia sahihi, kijana. Mimi nitasema ilikuwa ajali. Wewe unapata kazi, mimi napata amani, na yeye akipona nitamlipia hospitali."

"Ulimvunja mbavu."

"Watu wangu walimvunja. Niliwatuma wamfunze asinidanganye, wakazidisha. Na wewe ukazimalizia." Hesbon akainamisha kichwa kuelekea kwa Kochi Wakonyo, aliyekuwa amepiga magoti akifungua bandeji ya Kizito. "Lakini ukinitaja mimi, mtaje na huyu. Alifungua mlango, Walubengo akiwa ananyoshwa pale chini. Akaona kila kitu. Halafu akafunga mlango pole pole, ati asitusumbue. Muulize ni nani alikutuma kwa ile mbavu."

Mikono ya Wakonyo iliendelea kufungua bandeji. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu.

Kizito alisubiri aseme kwamba ni uongo. Alimtazama utosini, kwenye mvi zake alizozijua, mtu aliyempa sahani ya kwanza ya moto tangu alipokimbilia Kitale. Alisubiri mpaka bandeji ikaisha.

"Kochi?"

"Nilikuwa na nafasi moja," Wakonyo akasema, bado ameinama. "Ningepiga kelele, pambano lingefutwa. Afande angeenda na fomu yake. Wewe ungerudi kwa magunia." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hakujua kuna mfupa umefika kwenye pafu. Alidhani ni maumivu tu.

Kizito aliuvuta mkono wake kutoka mikononi mwake. Hakuwa na hasira wakati huo, na hilo ndilo lililomtisha. Aliona vijana thelathini wa Kipsongo wakikuta ghala limefungwa kwa kufuli la polisi. Aliona magunzi, masufuria, vile viatu vya mazoezi wanavyovaa kwa zamu. Akimtaja Hesbon, anamtaja Wakonyo. Akimtaja Wakonyo, anaizika klabu na anajizika nayo. Na kalamu ilikuwa pale, senti kumi ya wino, na saa ya ukutani ilisema ni saa nane na nusu.

Akaishika kalamu.

Ndipo watu wakapisha. Mama Nakhungu alikuwa akija. Yule mwanaume wa gambuti alikuwa ametoweka mara tu daktari alipoitaja soli, na mama hakungoja kuruhusiwa na mtu. Alipita chini ya kamba, na kilemba chake kikabaki kimenasa hapo. Alipiga magoti kwenye damu, akakiweka kichwa cha mwanawe juu ya mapaja yake, akamfuta mdomo kwa leso ya kanisani. Walubengo alikuwa hai. Macho yake yalikuwa wazi, yakimtafuta mtu.

Mama alimfuta tena. Kisha akainua uso akamtazama Kizito, kijana aliyemlisha kwa mkono wake mwenyewe mwezi mzima Agosti ile, vijiko viwili kwa zamu, kimoja kwa mwanawe na kimoja kwake.

Alisema bila kupaza sauti. "Kizito. Nyinyi nililala nje ya mlango niwachunge wote wawili. Sasa niambie wewe. Nani amemwaga hii damu ya mtoto yangu?"

Wakonyo alimshika Kizito mguu. Afande alitazama saa. Hesbon alikuwa akitabasamu, maana alijua hesabu ya maskini kuliko mtu yeyote pale, na katika hesabu hiyo hakuna anayeiacha kalamu.

Kizito aliilaza kalamu juu ya fomu. Akasimama, akauchomoa mguu wake kutoka mkononi mwa kochi, akaivuka ile damu akapiga magoti upande wa pili wa bakoki wake, ana kwa ana na mama. Mtangazaji alikuwa amesimama karibu yao na maikrofoni wazi mkononi, kwa hiyo watu wote waliokuwa ukumbini, na waliokuwa madirishani, na askari wawili waliokuwa mlangoni, walisikia.

"Tuko watatu, mama," akasema. "Wa kwanza ni mimi."